Aliyesimama Nje ya Pazia la Bibi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia tena kwa maandishi kwa sababu ile shikamoo ya kwenye simu uliikata kabla hujaiitikia. Ulisema nikuandikie barua, maana kwenye karatasi nitamaliza hoja zangu bila wewe kulazimika kuzisikiliza. Nimekubali, ingawa naiona ni hukumu iliyotolewa bila kusikiliza upande wa utetezi.

Huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi na kumwacha jioni. Yeye husema goti hilo limeajiriwa. Dada amechumbiwa na mwuza matairi, mtu mpole anayekubali kila ninalosema, jambo linalonitia shaka. Mimi bado naomba kazi. Shahada yangu iko ukutani, na mama huifuta vumbi kwa bidii ambayo waajiri hawajaionyesha.

Sasa nije kwa Bibi. Tangu ulipomlaza kwenye makao yale ya wazee ukarudi kazini kwako ng'ambo, nami nikatia sahihi kuwa msimamizi wake, nimekwenda kila Jumamosi. Kiharusi kimemwachia mkono mmoja tu mzima, wa kushoto, na ulimi mzito. Neno hulitafuta kwa muda kabla halijamtoka, lakini akili ipo na ukali upo. Chumba chao kina vitanda vinne, kila kimoja na pazia lake la kijani, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka.

Anayemwogesha ni mwanamume. Umesoma sawasawa. Ni kijana wa rika langu, mwenye suruali ya kubana, marashi yanayotangulia mlangoni na mdomo usiopumzika. Wenzake wanamwita Maridadi. Aliponiona na kitabu kwapani alisema, "Karibu, Profesa. Umekuja kutukagua au kutusomea?"

"Yote mawili," nikamjibu.

"Basi anzia choo cha wafanyakazi. Kina historia ndefu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama. Zaidi ya mara moja nimemkuta amesimama nje ya pazia la Bibi, beseni mkononi, midomo ikicheza, haingii wala haondoki. Anasubiri nini? Mwenye kazi halali huingia akaifanya. Nilipomsogelea alinyamaza. Tena zile sabuni za waridi ulizomtumia Bibi hazimo kabatini, na harufu yake nimeipata mikononi mwa huyohuyo. Nilimwuliza Bibi kama anaogeshwa vizuri. Akahangaika na ulimi, kisha akasema, "Nimeoga," akageuzia uso ukutani.

Nitachukua hatua. Nitakuarifu nikishaichukua.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


27 Februari

Mwanangu msomi,

Marahaba, ya simu na ya karatasi. Barua yako imekaa njiani kama mtu aliyetumwa dukani akakutana na marafiki. Mpe mama yako pole ya goti. Mwambie dada yako amshike sana huyo mwuza matairi. Mwanamume anayekubali kila neno mimi nilimtafuta miaka yote nikamkosa. Huku tunashona mashuka ya hoteli, na mwajiri ametuongezea kazi bila kutuongezea mikono. Likizo yangu ni Desemba. Kabla ya hapo, ukiinuka kwenye cherehani, kiti chako kinapata mwenyewe.

Kuhusu Maridadi: mwache. Sabuni ni sabuni, nitatuma nyingine. Awe mwanamume awe mwanamke, mimi nataka Mama awe safi na ngozi yake isimwume. Na hilo la kusimama nje ya pazia usilitafutie maana. Wewe hata mtu akipiga miayo unamwuliza ana hoja gani.

Usiandike kitu chochote kwa mtu yeyote pale. Nakujua, ukishika kalamu hushikiki. Kabla hujafanya lolote, niulize kwanza. Nimesema kwanza.

Shangazi yako.


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika mambo yakiwa yameshatengemaa, kwa hiyo ushauri wako nimeusoma kama msomaji wa historia. Mama anakusalimu. Dada ameahirisha harusi hadi Agosti kwa sababu ya ukumbi. Mimi niliitwa kwenye usaili. Mkuu wa ofisi akaniuliza kama naweza kupokea maelekezo, nikamwuliza maelekezo ya namna gani. Hawajanipigia tena.

Bibi anaendelea vizuri. Mpangilio wa zamu umebadilika. Sasa wanaomhudumia ni akina mama wawili, wepesi mno wa mikono: pazia na shuka huvutwa kwa mkupuo mmoja, na kabla hujakaa sawasawa wameshamaliza. Uso wake unang'aa, nywele zimepakwa mafuta na kuchanwa, na harufu ya poda unaipata tangu mlangoni. Ukimtazama unaona kazi imefanyika.

Amekuwa mkimya zaidi, nakiri. Hata mchana wa joto hushika shuka hadi kidevuni kwa ule mkono wake mzima. Nikitaka kumsogezea mto anasema, "Acha." Chakula anakidokoa tu. Nadhani ni baridi ya uzee, na nimemwomba mama atafute blanketi.

Umeniambia nisitafute maana. Kwa heshima zote napinga. Wazee hudhulumiwa kwa sababu jamaa zao ni wastaarabu mno kuuliza. Huleta matunda, hutabasamu, huondoka. Mimi nimeamua kuwa mtu wa kuchukiza, na matokeo yananukia poda. Nawe hukunijibu jambo moja: kwa nini ulimtetea mtu usiyemjua?

Ni mimi.


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingine tutapeana siku nyingine. Barua hii ameibeba jirani yangu anayesafiri, maana posta ingenichelewesha, na kwenye simu ungenijadili.

Nani alimwondoa Maridadi?

Na nani anampaka Mama poda? Mama akiinusa hupiga chafya mpaka machozi. Tangu nipate akili sijaiona mwilini mwake. Wanaoimwaga hivyo wanafunika harufu nyingine. Na mtu hashiki shuka mchana wa joto kwa ajili ya baridi. Anashika kwa sababu yupo anayelivuta.

Umeona uso na nywele. Hivyo huonwa na kila mgeni. Nenda leo, usingoje Jumamosi. Mwambie matroni amgeuze Mama, amtazame mgongo, makalio, visigino, mapaja kwa ndani na chini ya matiti. Usitoke pale mpaka amalize.

Mimi nimepiga simu. Wanasema habari za mzee hupewa aliyetia sahihi peke yake. Mimi alinizaa, nikaambiwa nipige baadaye.

Shangazi yako.


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama na dada hawajambo. Sijawaeleza lolote, na punde utaelewa kwa nini.

Nilikwenda siku ileile. Matroni, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipokea mlangoni. "Leo si siku ya wageni."

"Mimi si mgeni. Ni msimamizi."

"Hilo tunalijua sana. Barua yako tunayo."

Aliingia pamoja na muuguzi, wakavuta pazia, nami nikabaki nje bila kujua mikono yangu niiweke wapi. Nilimsikia Bibi akipiga kelele, sauti ya kukwaruza ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Matroni akawa anambembeleza, "Tulia mama, nakutazama tu. Nakutazama tu." Harufu ikanifikia kabla ya maneno: mkojo uliokaa, na juu ya mkojo kitu kingine, kama nyama iliyosahauliwa, na juu ya vyote poda.

Alitoka akivua glavu. "Ana kidonda juu kidogo ya makalio, na kimeanza kuingia ndani. Mapaja yamechubuka. Sehemu hizo hazijaguswa na maji kwa majuma."

"Na mnajieleza vipi?" Nilipaza sauti hata wazee wengine wakageuka.

"Najieleza kwamba alikataa. Kila wakimfunua anapiga. Juzi amemwuma mhudumu kidole. Kanuni yetu, mzee akikataa halazimishwi; anafutwa uso na mikono, anajaribiwa kesho. Kesho naye anakataa. Ilinipasa nije kumtazama mwenyewe, sikuja, na hilo nitalijibia mimi. Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hakumkataa, baba, nawe ukaandika asimguse."

Ndiyo, Shangazi. Niliandika kurasa nne, kabla barua yako ya kwanza haijafika, kwamba mwanamume mwenye mwenendo wa kutiliwa shaka huvizia pazia la bibi yangu na kumwibia sabuni. Kumbe msimamizi akimkataa mhudumu kwa maandishi, mhudumu yule haruhusiwi hata kumpa mzee huyo maji ya kunywa. Sikukueleza kwa sababu ulinikataza kuandika nami nilikuwa nimeshaandika, nikapendelea kusema kwamba zamu zimebadilika.

Na hapo ndipo ninapokukamata. Zamu hubadilika zenyewe, lakini mtu huondolewa na mtu. Mimi niliandika juu ya zamu; wewe ukauliza nani alimwondoa. Ulijuaje kwamba ameondolewa? Na kwa nini mwezi Februari, nilipokuambia kwamba mwanamume anamwogesha mama yako mzazi, hukushtuka hata kwa neno moja? Una macho mengine mle ndani. Ni ya nani?

Ni mimi.


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikakaa kwenye ngazi za kiwanda mpaka mnyapara akaja kuniinua.

Macho ni ya Maridadi. Siku ile ya kumlaza Mama nilichukua namba yake ya simu, na tangu hapo alikuwa akimaliza kumwogesha ananipigia. Ananiambia amekula nini, ngozi ikoje, choo kikoje. Pale hawaruhusiwi kuzungumza na jamaa asiye msimamizi. Akijulikana anafukuzwa, kwa hiyo tulikwenda kimyakimya. Machi simu zake zilikoma; barua yako ya zamu ilipofika, nikajua ameondolewa. Zile sabuni nilimpa mimi. Niliziandika jina la Mama ili zipite mapokezi.

Na pazia ni hivi. Mhudumu wa kwanza, mwanamke, alilambwa kofi siku ya kwanza. Maridadi akanipigia: "Shangazi, huyu uliyetuletea ni mama au simba?" Nikamwambia, Mama hajaingiliwa bila hodi maisha yake yote. Sisi wanawe tulibisha hata mlango ulio wazi, na baba alibisha pia. Simama nje ya pazia, piga hodi, usubiri. Ulimi wake ni mzito, jibu litachelewa. Usitie mguu mpaka umelisikia. Akajaribu. Maji yakapoa, akaenda kuchota mengine, akarudi akapiga tena. Mama akasema, "Karibu." Tangu hapo hakuna kofi. Hicho ndicho ulichokiona ukakiita kuvizia.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Moja, wewe hunyamazii jambo. Ungekwenda kujadiliana na matroni juu ya kanuni, na Maridadi angekosa kazi. La pili, nisikufiche, sikukuamini. Barua zako nimezisoma na kuzirudia. Umemwona Mama, umemnusa, umemhoji. Hujaandika popote kwamba umemshika mkono. Kwa hiyo nikamwamini mtu baki, nikakuachia wewe sahihi. Na sahihi ndiyo iliyomfikisha hapo. Nami ningesema mapema, usingeandika. Hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Sasa nenda ukaifute. Mimi siwezi, hawanitambui. Kila siku inayopita kidonda kinaongezeka. Na tafadhali, usiandike nyingine ndefu.

Shangazi yako.


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama sasa anajua yote. Alinyamaza nami hadi chakula kikawa kinawekwa mezani bila jina langu kutajwa, kisha juzi akanituma dukani, nikajua nimesamehewa. Dada bado anaolewa Agosti.

Nilikwenda kwa matroni na kurasa mbili, na nilijitahidi. Alizisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi. "Hapa unajitetea," akasema, akapiga mstari. "Hapa unatufundisha." Mstari. "Hapa unajitetea tena, kwa maneno mazuri zaidi." Alipomaliza, kilichobaki ni hiki: Nilikosea. Naomba mhudumu huyu arudi kwa bibi yangu. Nikatia sahihi chini yake.

Maridadi tulimkuta upande wa wanaume, anamnyoa mzee mmoja ndevu.

"Profesa," akasema bila kugeuka. "Nasikia mimi ni mviziaji."

"Nimeifuta barua."

"Karatasi umeifuta. Na walioisoma je, utawafuta na nini? Yule dada wa jikoni hanipi chai tangu Machi."

"Naomba radhi."

"Ongeza sauti. Huyu mzee ni kiziwi."

Nikarudia kwa sauti, matroni na wahudumu wote wakisikia, kwamba nilimsingizia. Mzee wa povu kidevuni akauliza, "Kwani huyu kijana ameiba nini?" Wakacheka wote. Nilitaka kumweleza mzee yule kwamba amepindua kesi, kisha nikaona nami nacheka.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Maridadi alisimama nje ya pazia akapiga hodi, na Bibi hakujibu. Akabadilisha maji, akapiga tena. Kimya. Siku iliyofuata hali ikawa ileile, na muuguzi akaanza kuzungumzia hospitali na sindano ya usingizi ili kidonda kipate kuoshwa. "Amenuna," Maridadi aliniambia kwenye korido, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Anajua nilikuwepo humuhumu. Alikuwa anasikia sauti yangu upande wa pili, na siji."

Akajaribu tena mchana. Hodi. Tukasubiri, beseni likitoa mvuke kati yetu. Kutoka ndani zikaja sauti za kutafuta neno, moja baada ya nyingine, kisha tukasikia, "Ulikuwa wapi?"

"Mwulize mjukuu wako, mama. Yupo hapa."

"Wewe ingia," akasema hatimaye. "Yeye akae hukohuko."

Nikakaa hukohuko. Nilipokea mashuka machafu kupitia pembe ya pazia, nikatoa masafi. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa, Maridadi akitaja kila kitu kabla ya kukifanya, "Sasa mguu, mama. Sasa nakugeuza. Hapa pataumia kidogo," na Bibi akimkaripia kwamba maji ni ya moto. Hayakuwa ya moto, niliyachota mimi. Alipokwisha kuvikwa, niliruhusiwa. Nikaushika ule mkono wake usiosikia, nikaupaka mafuta toka kiwiko. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Akanitazama nikifanya, akasema, "Vidole pia." Nikapaka vidole.

Muuguzi anasema kidonda kimeacha kutoa usaha na kingo zake zimeanza kusogeleana. Haahidi kitu. Bibi anageuzwa mchana kutwa, poda imetupwa, na ameanza kula uji bila kubembelezwa. Shuka sasa analiacha kifuani.

Limebaki letu sisi wawili. Wewe huniamini, na siwezi kukulaumu. Mimi nami sikuamini, na ushahidi ninao kwa mwandiko wako. Sitajaribu kukushawishi, maana umeona ushawishi wangu unakofikia. Nimemwomba matroni aliandike jina lako pamoja na langu. Amekubali, na kuanzia sasa ukipiga simu watakujibu. Zaidi ya hapo, kila mwezi utapata barua mbili. Moja itatoka kwangu na nyingine kwa Maridadi, na tumekubaliana hatutaonyeshana. Zilinganishe neno kwa neno, kwa lile jicho lako la kukagua mishono. Zikitofautiana hata kidogo juu ya mwili wa Bibi, usimwamini yeyote kati yetu. Omba ruhusa, wakikunyima, ondoka bila ruhusa, uje umtazame mgongo kwa macho yako.

Ni mimi, mjukuu wake.